Mrejesho: jina la mtoto wa kiume ambalo halijazoeleka

Wadau, niliomba jina la kiume ambalo halijazoeleka, asanteni sana mliochangia. Dogo kazaliwa salama, tumemwita Jabali, yaani mwamba mkubwa.

Kilichonisaidia ni ule ushauri wa kuliita jina kwa sauti kama vile mtoto yuko chumba cha pili, nikafanya hivyo siku kadhaa, mawili niliyokuwa nayapenda sana yakafia hapohapo maana ulimi ulikuwa unakwama, hili likatoka lenyewe.

Ila sijafanikiwa kote, watu wanasikia Jabari, hata kadi ya kliniki iliandikwa kwa R ikabidi ikatwe kwa kalamu, na bibi yake mpaka leo ni Jabari tu. Siku hizi nikilitaja naongezea "Jabali, la mwamba", wanaandika sawa.