Tupeane uzoefu: Nani ameshusha kisukari kwa kubadili chakula, na ilidumu muda gani?

MwalimuKihonda

Ndugu zangu, salaam. Naomba wenye kisukari aina ya pili, au wanaouguza mgonjwa nyumbani, tusimuliane yaliyotukuta tulipobadili chakula. Ukiandika, weka namba: uligundulika lini, sukari ilikuwa ngapi, kilo ngapi, dawa gani, na leo uko wapi. "Nilipona kabisa" bila namba haimsaidii mtu aliyetoka kuambiwa sukari yake ni 16 na hajui aanzie wapi.

Naanza mimi. Niligundulika Machi 2022 nikiwa na miaka 46 na kilo 98. Macho yalikuwa yanaona ukungu, na usiku naamka kukojoa mara nne. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 14.2, na HbA1c, kile kipimo cha miezi mitatu, 10.1. Nikaanzishwa metformin, nikaambiwa niache sukari, nile dona na uji wa lishe. Nikatii. Asubuhi bakuli kubwa la uji wa ulezi bila sukari, mchana ugali wa dona, usiku tena ugali wa dona. Baada ya miezi mitatu HbA1c ilikuwa 9.4.

Kilichonifumbua macho ni mashine ya kupimia. Shemeji yangu aliniletea pamoja na kopo la stripu 50, vile vipande vya kuwekea tone la damu. Jumamosi moja nikapima kabla ya uji: 8.3. Saa mbili baada ya uji: 15.1. Nikadhani nimekosea, nikanawa mikono, nikatoboa kidole kingine: 14.8. Kesho yake nikala mayai mawili ya kuchemsha, mchicha na nusu parachichi. Kabla ilikuwa 8.0, baada ya saa mbili 8.6. Nilikaa pale mezani machozi yakanitoka, maana miezi mitatu nzima nilikuwa najinyima nikiamini natibu. Ulezi ni chakula kizuri, lakini ni wanga, na ukishasagwa ukawa uji hauchelewi kuingia kwenye damu. Kuacha kijiko cha sukari hakukubadilisha hilo.

Nikaanza upya. Ugali nikaupunguza ukawa wa ukubwa wa ngumi yangu, mara moja kwa siku, mchana. Nusu ya sahani mboga za majani: matembele, mchicha, kisamvu. Robo maharage, dagaa au samaki. Soda, juisi, maandazi na chapati nikaviacha kabisa. Chai na maziwa bila sukari ilinichukua wiki tatu kuizoea. Baada ya miezi minane nilikuwa kilo 80. Daktari alinipunguzia metformin mara mbili, kisha akaiondoa. Miezi minne bila dawa HbA1c ilikuwa 5.9, na ya mwisho 6.1.

Lakini sisemi nimepona. Kwenye harusi ya mdogo wangu nilikula pilau siku mbili mfululizo, siku ya tatu asubuhi mashine ikaniambia 9.7.

Dereva wa Tunduma

Hongera sana mwalimu. Mimi niko barabarani siku 20 kwa mwezi. Nilikuwa nakunywa soda nne au tano kwa siku ili nisisinzie, na usiku chipsi mayai. Niligundulika 2019 na sukari ya asubuhi 13. Niliacha soda tu, sikubadilisha kingine chochote, ikashuka hadi 9. Sasa nabeba karanga, mayai ya kuchemsha na maji, na nikifika hotelini naagiza nyama na mboga bila wali. Nacheza kwenye 7.2 hadi 7.8. Dawa bado natumia, ila zimepunguzwa nusu. Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa, na nisingependa mtu ajione ameshindwa eti kwa sababu bado anameza kidonge.

Mama Zuhra, Tanga

Mwalimu, shikamoo. Yangu ni ya tahadhari. Nilikuwa natumia glibenclamide. Nilisikia habari za kupunguza wanga, nikakata wali, mkate na muhogo siku moja, lakini dawa nikaendelea kumeza kama kawaida. Sikumwambia daktari. Siku ya nne, saa tano asubuhi, nikiwa naanika nguo, jasho jembamba likaanza kunitoka, mikono ikatetemeka, maneno yakawa hayatoki sawasawa. Nilianguka pale kambani. Zuhra alikuwa na miaka 12. Ndiye aliyekumbuka kuna mashine. Ilisoma 2.6. Akakoroga sukari kwenye maji, akaninywesha kidogo kidogo kwa kuwa nilikuwa bado naweza kumeza.

Jamani, dawa ile inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Ukiondoa wanga na dawa ikabaki vilevile, inakuangusha. Nendeni kwanza kwa daktari, mwambieni nataka kubadili chakula, apange upya dozi. Mimi sasa niko kwenye metformin peke yake, chakula nimekibadilisha taratibu, HbA1c 6.8.

Kijana wa Muleba

Nasoma haya moyo unaniuma. Baba yangu alikuwa na kisukari miaka 14, anachoma insulini. Kuna mtu alikuwa anatangaza redioni dawa ya unga, anasema kongosho linafufuka kwa siku 40. Baba akauza mbuzi wawili, akanunua, akaacha insulini. Ndizi za kupika akaendelea kula kama zamani, maana aliambiwa unga unatosha. Wiki ya tano alipata kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, akasema ni kiatu. Hakusikia maumivu, na sisi tukadhani ni dalili nzuri. Tulipomfikisha hospitali sukari ilikuwa haisomeki, mashine inaandika HI, yaani iko juu kupita inavyoweza kupima. Alikatwa mguu chini ya goti.

Sipingi chakula. Baada ya hapo tumempunguzia ndizi, anakula maharage na mboga, na insulini anayochoma sasa ni kidogo kuliko zamani. Lakini haikuondoka. Mtu mwenye kisukari cha miaka 14 msimpe ahadi ya mwenye kisukari cha mwaka mmoja.

NesiMstaafu

Kijana, pole sana, na mpe baba salamu zangu. Ulichosema mwishoni ni kweli kabisa. Nimekaa kliniki ya kisukari miaka 19, nitaeleza ninavyoelewa.

Kwa watu wengi wa aina ya pili, mafuta yamejaa kwenye ini na kwenye kongosho. Ini linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata usiku ukiwa umelala, na kongosho linashindwa kuitikia. Mtu akipungua kilo za kutosha, mafuta hayo yanatoka, na kongosho lisipokuwa limechoka sana linarudi kazini. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ndiye aliyelifuatilia hili kwa miaka mingi. Utafiti wake na wenzake uitwao DiRECT ulitoka Desemba 2017. Wagonjwa walikuwa 298, wote wana kisukari kisichozidi miaka 6 na hakuna anayechoma insulini. Nusu walilishwa supu na vinywaji maalumu, kama kalori 830 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 wa nusu hiyo walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Waliopungua kilo 15 na zaidi, 86 katika kila 100. Mwaka wa pili wakabaki 36, na wengi walioteleza ni wale ambao uzito uliwarudia.

Kwa hiyo mwalimu, kilo zako 18 ndizo zilizofanya kazi kubwa. Ugali kupungua ilikuwa njia ya kufikia huko. Tangu 2021 wataalamu wamekubaliana kwamba HbA1c ikiwa chini ya 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa, kisukari kimetulia. Neno lao si kupona. Mimi wagonjwa wangu nilikuwa nawaambia kimelala. Kliniki usiache: macho, figo na miguu viangaliwe kila mwaka hata kama sukari ni 5. Na wenye dawa za presha mkumbuke, uzito ukishuka presha nayo hushuka, mtu anaweza kusimama akaona kizunguzungu.

Wanjiru wa Nakuru

Mimi ni mmoja wa wale walioteleza. Nilipunguza kilo 13 mwaka 2020, nikaachishwa dawa, nikakaa mwaka na nusu bila kidonge. Nyumbani ilikuwa sukuma wiki, maharagwe, kuku, waru (viazi) kidogo sana. Kisha mama akafariki. Miezi ya matanga, chai tamu na mandazi kila nyumba, na sikuwa na nguvu ya kukataa. Kilo 9 zikarudi, sukari ikafika 10. Nimerudia dawa, nimeanza upya Januari, nimeshatoa kilo 5. Niliona aibu kurudi kliniki, nikapoteza miezi saba kwa aibu hiyo.

Mkaanga Dagaa

Mimi nilikuwa mwembamba tangu mwanzo, kilo 58. Nikafuata ushauri wa kukata wanga, nikapungua hadi 51, na sukari haikushuka chini ya 15. Kila mtu akaniambia sijakata vya kutosha. Daktari wa tatu ndiye aliyeagiza vipimo vingine, ikaonekana kinga ya mwili wangu yenyewe inashambulia kongosho. Yaani ni aina ya kwanza, imekuja ukubwani. Nilihitaji insulini tangu siku ya kwanza. Mtu mwembamba anayezidi kukonda huku sukari iko juu asijifungie nyumbani na chakula.

Kinyozi mpya

Wakuu, mke wangu amegundulika jana. Miaka 41, kilo 86, sukari ya asubuhi 11.8, amepewa metformin peke yake. Tangu jana hajala vizuri kwa hofu. Tuanzie wapi? Mashine hatuna.

MwalimuKihonda

Mpe pole shemeji. Yuko mapema na ana kilo za kupunguza, kwa hiyo nafasi anayo kubwa. Metformin aendelee mpaka daktari aseme vingine. Mashine ndiyo ununue kwanza, ila ulizia bei ya stripu kabla ya bei ya mashine, maana stripu ndizo utakazonunua kila mwezi na za aina moja haziingii kwenye nyingine. Si lazima apime kila siku. Chagua chakula kimoja anachokula mara nyingi, apime kabla na saa mbili baada, aandike kwenye daftari aende nalo kliniki. Mimi nina nusu kopo ambalo halijaisha muda. Nitumie jina la mashine mtakayoipata, zikiingiana nakutumia kwa basi.

Na leo usiku usimwache alale na njaa. Mpikie mchicha na samaki ale kwanza, ugali umpakulie mwisho, kidogo, na wewe ule sahani hiyohiyo.