Naomba ushauri: tofali za udongo na bati la kunyanyua, Dodoma

Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja Dodoma, msingi umeshakauka, na hapo ndipo nimekwama. Kwenye nyumba ya kupanga ninayokaa sasa, ikifika saa nane mchana bati linalia ta-ta-ta na feni inazungusha joto tu.

Nimesoma kuhusu shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Aliyeichora ni Francis Kéré, Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani (2022). Kuta ni udongo ulioshindiliwa na simenti kidogo. Bati limenyanyuliwa juu ya dari ya matofali yenye matundu, joto linapanda na kutoka. Harare nao wana Eastgate, jengo la maduka na ofisi, tangu 1996; linapoa bila viyoyozi vya kawaida.

Fundi wangu kacheka: "Bosi, bati likikaa hewani hivyo, upepo wa huku utaliacha?" Hapo kwa kweli hana kosa.

Mliojenga kwa tofali za udongo za kufungamana: mfuko mmoja wa simenti mlichanganya na ndoo ngapi za udongo? Nje mlipiga plasta au mliongeza upenu tu? Kenchi (fremu inayobeba bati) mliifungaje? Mke wangu naye anataka dari ya jipsamu, nisaidieni namna ya kumjibu.