Moyo uliosimama: nani apewe huduma ya juu ya kuokoa uhai?

Muuguzi wa Zamu:
Ndugu wadau wa tiba ya dharura, habari za kazi. Kuna jambo linalotuletea mvutano kazini. Mgonjwa akiletwa moyo umesimama, baadhi ya wenzangu huanza mara moja kumwekea mrija wa hewa, kumchoma adrenalini (dawa ya kuuchochea moyo) na kutumia kila kilichopo, ilhali wengine hutazama umri kwanza na, akiwa mzee, humshindilia kifua dakika chache tu kisha wakaacha. Je, tuamue kwa vigezo gani?

Daktari wa Dharura:
Umri peke yake ni kigezo kibovu. Mimi huuliza, huku navaa glavu: kuna aliyemwona akianguka, na kuna aliyemshindilia kifua kabla hajatufikia? Kila dakika inayopita bila kushindiliwa wala kushtuliwa kwa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 aliyeanguka mbele ya watu wanaojua la kufanya anaweza kuwa na nafasi nzuri kuliko kijana aliyekutwa peke yake, hakuna ajuaye tangu saa ngapi. Kisha tazama kioo cha mashine inayoonyesha umeme wa moyo. Moyo unaotetemeka ovyo unashtuliwa papo hapo. Mstari ulionyooka, yaani moyo usio na umeme wowote, haushtuliwi, na hapo kazi kubwa ni kusaka chanzo kinachorekebishika, kama vile damu nyingi iliyopotea, potasiamu (madini ya damuni) iliyopanda au hewa iliyonaswa kifuani ikalibana pafu. Wasioanzishiwa kabisa ni wale ambao miili imekwisha kukakamaa, wenye majeraha yasiyoachia uhai, na waliokataa kufufuliwa kwa maandishi halali wakiwa na akili timamu.

Mhudumu wa Gari la Wagonjwa:
Naafikiana na daktari, ila tusichanganye uamuzi wa kuanza na uamuzi wa kuacha. Kwa walioanguka nje ya hospitali, kanuni iliyofanyiwa utafiti Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2006 inaruhusu kusitisha iwapo masharti matatu yametimia yote: moyo haukusimama mbele ya wahudumu, mgonjwa hakushtuliwa hata mara moja, na mapigo hayakurudi kabla ya kumsafirisha. Moja likikosekana, kazi inaendelea.

Kuhusu hiyo “kila kilichopo”, mnisamehe, lakini wingi wa tiba si wingi wa huruma. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000, ulionyesha kwamba asilimia 3.2 ya waliopewa adrenalini walikuwa hai baada ya siku 30, dhidi ya asilimia 2.4 ya wasiopewa; hata hivyo, miongoni mwa walionusurika, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31 kwa waliopewa na karibu 18 kwa wasiopewa. Familia inastahili kuelezwa hilo.

Muuguzi wa Zamu:
Ahsanteni. Na aliyeopolewa kwenye maji ya barafu?

Daktari wa Dharura:
Huyo usimpimie kwa dakika. Mwaka 1999 nchini Norwei, Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu, joto la mwili likashuka hadi nyuzi 13.7, na bado akapona. Ikiwa baridi ndiyo iliyousimamisha moyo, shindilieni kifua bila kukatiza huku mkimpasha joto, na muahirishe uamuzi wa kuacha hadi mwili upate joto.