Tupeane uzoefu: mkienda kusalimia makaburi ya wazazi kijijini, mnakuta nini?

Mtoto wa Idjwi
Agosti 1, siku ya wazazi kwetu Kongo, inakaribia. Asubuhi ni ya wazazi waliolala, mchana ni ya walio hai. Makaburi ya kwetu yako nyuma ya kanisa, kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi, mlimani, Ziwa Kivu lote liko chini yako. Hakuna pikipiki, mananasi yanalimwa mpaka kwenye ua wenyewe. Mama yuko pale pamoja na tate (babu). Tunang'oa majani, nasoma majina kwa sauti ili watoto wayashike, halafu tunakula palepale. Goma mtu hapumui vile. Ila misalaba ya mbao inaliwa na mchwa, na wazee wanaojua nani amelala wapi wanaondoka mmoja mmoja. Ninyi mnafanyaje, mnaweka karo (vigae) na maua?

Mama Himbi
Umenigusa, mwanangu. Yetu yako upande wa Minova. Tangu boti ile izame Oktoba 3, 2024, watu wakiwa wanaiona bandari ya Kituku, hapa Goma, kwa macho, mimi sikanyagi maji tena. Napita Sake, hata kama nitachelewa.

Yaya wa Majengo
Kweli kabisa, mama.

Mutoto wa Buhene
Ninyi kaburi mnaliona. La baba yangu liko chini ya jiwe.

Alizikwa karibu na kanisa dogo la shirika, juu kidogo ya Buhene, penye mikaratusi. Jumamosi ya Mei 22, 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu. Yaya, ndugu yangu mkubwa, alimbeba mama mgongoni tukakimbilia Sake. Tuliporudi, moto wa volkano ya Nyiragongo ulikuwa umeshakuwa mawe meusi, bado yanafuka moshi, yanachoma mpaka ndani ya viatu. Kanisa hakuna. Mikaratusi hakuna. Mama anauliza neno moja tu: "Papa yenu yuko wapi?" Yaya akasema ni hapa. Baba mdogo akasema hapana, ni kule karibu na barabara. Wakabishana juu ya mawe yale mpaka wakashikana mashati, mama analia. Yaya akaenda kutafuta mtaimbo achimbe. Achimbe nini? Jiwe limepita kimo cha mtu! Mama akachagua mahali mwenyewe, akakaa, akasema: ni hapa, musinihamishe tena.

Tulichora pale msalaba wa rangi nyeupe, na kila Agosti 1 tunaenda. Baba alikufa kwa ugonjwa, tulimlilia, matanga yakaisha. Lakini ninapopiga magoti pale sijui kama ninapiga juu yake au juu ya shamba la mtu. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mama Himbi
Yesu wangu. Pole, mtoto wangu, pole sana.

Mwalimu wa Sake
Pole, ndugu. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma, ikachukua kanisa kuu na nyumba yetu. Tulilia nyumba. Makaburi hata sikuyawaza.

Jirani wa Katindo
Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Pesa ya karo na maua wapeni wajane.

Yaya wa Majengo
Na hao wajane ndio wanaoyasafisha hayo makaburi! Sisi Wakatoliki Novemba 2 tunawaombea marehemu wetu. Mwenzako amekuambia amepoteza kaburi la baba, wewe unamletea mstari?

Jirani wa Katindo
Sikumlenga yeye. Nilijibu mambo ya karo.

Kaka wa Bukavu
Tukija kwenye karo: msiweke, zinaibwa. Misalaba ya chuma pia, inauzwa kwa kilo. Mwageni simiti, andikeni jina kwa msumari ingali mbichi.

Mwalimu wa Sake
Simiti inapasuka. Pandeni ua wa miti na muweke alama kwenye ramani ya simu.

Kaka wa Bukavu
Simu ikiibwa je? Na miti ile mbuzi wa katekista watashukuru sana.

Yaya wa Majengo
Na kasiksi, pombe ya ndizi? Tate aliipenda, mimi namwagia kidogo.

Mama Himbi
Padri wetu anakataza. Mpelekee sala.

Mtoto wa Idjwi
Buhene, baba mdogo yuko hai? Mwende naye akuoneshe pale anapopasema, muweke msalaba wa pili. Wa mama ubaki ulipo.

Mutoto wa Buhene
Yuko, amezeeka. Hasemi na yaya tangu siku ile. Nitamwomba twende wawili tu, kabla ya Agosti.

Jirani wa Katindo
Buhene, kusali pale sitasali, lakini mchanga na simiti nitabeba. Niambie siku.