Nina miaka 35, niliishia fomu one. Niende QT au VETA? (Newala)

kijana_wa_uwandani

Wakuu habari za asubuhi. Mimi humu ni msomaji tu wa siku nyingi, leo naombeni mawazo na wa kutukana atukane ila asaidie pia.

Niko Newala upande wa Kitangari, naendesha boda na nina mikorosho kama sitini ya urithi. Fomu one nilianza 2005 nikasoma ule mwaka mmoja basi. Ada ya kutwa enzi zile ilikuwa elfu 20 kwa mwaka, mtoto wa sasa ukimwambia anacheka, lakini juu yake kuna mchango wa dawati, wa mlinzi, sare, na hiyo elfu 20 yenyewe nyumbani haikuwepo. Mzee wangu korosho alikuwa nazo ila hazikuwa zake. Mwezi wa pili njaa ikibana anachukua debe la mahindi kwa mtu wa kangomba, wale wa kukukopesha sasa ulipe korosho msimuni, mwezi wa kumi yule mtu anakuja na magunia yake anabeba debe kwa debe, Januari shule ikifungua sisi tunaangaliana. Nadhani alijua anaibiwa lakini watoto saba hawali kujua. Basi Januari 2006 nikapewa baiskeli ya mjomba nikaanza kuuza maji, wa Newala mnaelewa dumu la maji huku juu lilikuwa mali.

Sasa kilichonitoa ni binti yangu. Yuko fomu one mwaka huu, ada haijui kwa kuwa imefutwa tangu 2016, mimi napambana na sare na madaftari tu. Wiki iliyopita usiku kaja na daftari la Biolojia kaniuliza neno, nikamwambia baba ana usingizi kamuulize mwalimu kesho. Usingizi sikuwa nao.

Nataka kurudi kusoma. Nimesikia QT, ule mtihani wa kukupa sifa ya kukaa fomu foo ukiwa nje ya shule, nimesikia VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali. Tatizo mitihani ya QT na ya fomu foo yote ni Novemba, na Novemba ndo korosho zinadondoka, ndo minada, ndo na boda inalipa maana watu wana hela. Mke wangu anasema hela ya msimu huu ni bati kwanza. Nifanyeje?

MamaSwaumu_Nach

Kaka pole na hongera kwanza. Mimi nipo Nachingwea, nilimaliza la saba 2003 sikuchaguliwa, nikapelekwa Dar kufanya kazi za ndani miaka minne. Nimerudi nimeolewa nimezaa ndo nikaanza QT nikiwa na miaka 27, darasani kuna vijana wananiita mama mkwe.

Niseme kuhusu hiyo Novemba maana hakuna mtu aliniambia. Mwaka wa kwanza nilijidanganya nitaokota asubuhi nisome usiku. Thubutu. Ukishinda umeinama kuokota na kunyofoa korosho kwenye mabibo, usiku mgongo hautaki hata kukaa, na mikono inanuka mpaka daftari linanuka. Nikafeli masomo mengi tu. Mwaka wa pili nikakaa na mume wangu mwezi wa nane kabla hata maua hayajaisha, tukakubaliana wiki tatu za mtihani korosho zangu ataokota wifi na watoto wake kwa mgao, debe tatu zetu moja yake. Nilipoteza hela ndio, hata mama yangu alinisema kwamba nimegawa mali kwa ajili ya makaratasi. Ila nikapita, mwaka uliofuata nikakaa fomu foo nikapita, nikaenda ualimu, leo nafundisha awali.

Kwahiyo usiulize QT au VETA, uliza kwanza Novemba nani ataokota.

Na kituo cha kusomea QT usiangalie bango, nenda halmashauri kamuone Afisa Elimu ya Watu Wazima akuambie vipi vimesajiliwa. Sisi kuna mwenzetu alilipa kituo fulani mwaka mzima, kufika siku ya mtihani jina halipo kabisa, mwenye kituo simu haipatikani.

Digrii_ya_Mkuti

Mkuu mimi nitakuwa mbaya kidogo. Digrii ninayo tangu 2016, niko hapa Masasi Mkuti nauza vifuniko vya simu na chaji, na deni la bodi ya mikopo linanisubiri siku nikiajiriwa wakate asilimia 15 yao. Darasani kwetu tuliotoka familia maskini tulikuwa wengi, wote tuliambiwa soma utatoka. Wengine wametoka kweli, sibishi. Wengine tuko hapa.

Wewe tayari una pikipiki na mikorosho, unaijua injini? Kama unaifungua mwenyewe basi VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu aliyejifunzia mtaani anapimwa, anajazwa pale penye upungufu anapewa cheti, huanzi upya kama mtoto. Mtwara wapo na Lindi wapo. Cheti cha ufundi pikipiki Kitangari utakula nacho, cheti cha QT utakitundika ukutani.

Halafu Kiingereza. Sekondari ni Kiingereza kaka, miaka 20 hujakigusa. Usije sema hukuambiwa.

MamaSwaumu_Nach

@Digrii_ya_Mkuti mdogo wangu wewe hasira zako nazielewa ila umesoma swali? Kasema binti kamuuliza neno akasingizia usingizi. Hilo fundi pikipiki halitibu.

Digrii_ya_Mkuti

Dada nimesoma. Ila bati nalo linavuja.

mzee_wa_shangani

Wanangu salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naandika polepole kwenye hii simu mnivumilie.

Nilimaliza la saba nikiwa kijana mdogo tukachukuliwa kuwa walimu wa kujitolea wa kisomo cha watu wazima, ndiyo miaka ile ya kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, 1973, redio inawekwa juu ya kinu na watu wazima wanakaa kwa vikundi wanasikiliza habari za kuchimba vyoo na kuchemsha maji, halafu tunafungua vitabu. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa mama yangu mzazi. Alikuwa hanitazami usoni darasani, jioni nyumbani ananipa chakula kama kawaida na hakuna anayelitaja.

Sitawadanganya kuwa kisomo kilimtajirisha, alikufa na nyumba ya udongo. Ila msimu mmoja tumepeleka korosho ghalani, karani akasema kilo 38. Mama akasogea kwenye mizani akatazama sana, kisha akasema, "Mwanangu, hapa pameandikwa arubaini na sita." Sauti ndogo tu. Karani akasema ahaa macho yangu mama, akaandika upya. Waliokuwa nyuma kwenye foleni wote wakaanza kusogea kutazama mizani, hata wasiojua kusoma.

Mwanangu wa Kitangari, baba yako nadhani alikuwa wa rika langu au chini kidogo. Usimlaumu kwa kangomba. Debe lile lilikuwa linapigwa kitako ndani likameza zaidi, wangapi walijua kupima?

Kuhusu Kiingereza kijana wa Mkuti kasema kweli, hicho ndicho kinachoangusha watu wazima kuliko hesabu. Usisubiri kituo. Anza na madaftari ya huyo huyo binti, ya muhula wa kwanza, kurasa mbili kila siku.

ruangwa_girl

samahani naingilia kidogo, mimi niliacha fomu two kwa ujauzito 2019 wakati ule ukipata mimba ndo basi tena, sasa mtoto ana miaka mitano nikirudi wanapokea kweli?

MamaSwaumu_Nach

@ruangwa_girl mdogo wangu katazo liliondolewa Novemba 2021, ila kwa miaka uliyokaa nje kaulize kwanza shuleni kama watakupokea. Kama kukaa na watoto wa fomu two unaona tabu kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC, Chilala kwa huku Lindi, na Masasi, wanachukua wasichana walioacha shule wanasoma sekondari pamoja na ufundi, na mtoto unakwenda naye. Nitumie ujumbe pembeni nikueleze, usiweke namba hapa.

kijana_wa_uwandani

Nimerudi wakuu, nilikuwa barabarani. Shikamoo mzee wa Shangani. Hiyo ya mizani nimeisoma nimepaki chini ya mti abiria ananiuliza vipi dereva kuna msiba?

@Digrii_ya_Mkuti sijakasirika, na injini naifungua mwenyewe ndio, kabureta nafanya hadi za wenzangu kijiweni bure. Hiyo ya kurasimisha nilikuwa siijui, nitaulizia Mtwara nikishuka kupeleka mzigo. Labda naweza anza na hiyo maana haina mambo ya Novemba.

Ila QT naitaka. Jana usiku tumeongea na mke wangu, mjadala mrefu, mwisho kasema hivi, bati msimu huu, mwakani yeye ataokota na mdogo wake na mimi niende kwenye mtihani, lakini kama nitafeli kwa uvivu mikorosho kumi inahamia kwake. Ameshaichagua kabisa, ile inayozaa. Nimekubali sina ujanja.

Na binti nimemuomba daftari. Sikumwambia la kujifunzia, nimesema nataka kuona kama anaandika vizuri. Kaniangalia tu akaniletea, na la Kiingereza kaliweka juu yake bila mimi kuomba.

Kuna mtu Newala au Masasi ana kamusi ya zamani ya Kiingereza na Kiswahili hata kama imechanika jalada? Naifuata mwenyewe kwa boda, na korosho za kukaanga nakuja nazo.

Digrii_ya_Mkuti

Ninayo, ya tangu fomu three, imekosa kurasa za herufi X huko mwishoni. Pita Mkuti Jumamosi, ulizia jamaa wa machaji. Korosho zisiwe na chumvi nyingi.