Mrejesho: Samaki wangu, gapi na koridorasi, wamefika

Niliuliza jinsi ya kusafirisha gapi na koridorasi (kambare wadogo), samaki wa mapambo wa tangini, kwa safari inayozidi saa 30. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata haya: kutowalisha saa 24 kabla, mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwa kila kundi, maji theluthi moja na oksijeni safi theluthi mbili, pembe za mfuko zimebanwa kwa selotepu ili wadogo wasinase, kisha boksi la stairofomu.

Gapi wote wazima. Koridorasi wawili wamekufa: mwiba wa pezi ulitoboa mfuko wa ndani, na wa nje nao ukavuja. Kwa koridorasi, gazeti kati ya mifuko ni lazima, au kopo gumu lenye mfuniko.

Ushauri uliookoa wengi ni ule wa kufungua. Mfuko uelee ukiwa umefungwa dakika 20, joto lilingane. Ukifunguliwa, kabonidayoksaidi hutoka, pH (kipimo cha uasidi wa maji) hupanda, na amonia iliyokusanyika kutokana na uchafu wa samaki hugeuka sumu kali. Kwa hiyo wahamishwe mara moja kwa wavu, bila kuongeza maji kidogokidogo, na maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie tangini.