Kikundi cha "Nyumba ya Bibi, Majengo"

Salim: Asalaam aleikum. Da Zuhu uko macho? Kuna ajenti hapa Mombasa atanipeleka Japani kufundisha Kiingereza. Ataka laki mbili. Twaingia na viza ya utalii, kazi twaipata huko huko.

Zuhura: Waaleikum salaam. Huku Japani saa mbili usiku, ndio nimemaliza kula. Salim, usimpe hata shilingi! Viza ya utalii hairuhusu kazi. Ukishikwa warudishwa, na pesa zimekwenda.

Mama Mdogo: Nimemwambia huyu mpaka nimechoka.

Zuhura: Mimi nilipitia mpango wa serikali yao, JET, ulioanza 1987. Maombi hupelekwa ubalozi wao Nairobi, na hulipii. Uwe na digrii, ya somo lolote, halafu mahojiano. Nauli juu yao. Mkataba ni mwaka mmoja mmoja, mwisho miaka 5. Ila mji hujichagulii. Waweza kuomba Tokyo ukaletwa huku Niigata, theluji mpaka kiunoni.

Salim: Ajenti asema bila yeye mtu mweusi hachukuliwi, wataka Wazungu.

Zuhura: Muongo. Ila nisikufiche, nilipofika mwalimu mmoja aliniuliza kama Kiingereza changu ni cha kuzaliwa nacho. Iliniuma, usiku ule sikulala. Sasa najibu: nilikisoma shuleni kama hawa watoto, ndiyo maana najua kinapokwama.

Ami Rashid: Hukwama wapi?

Zuhura: Ami, Kijapani kina irabu zetu zile zile tano, na maneno yao mengi huishia na irabu. Milk kwao ni "miruku". Glass ni "gurasu". Bibi alikuwa akisemaje?

Mama Mdogo: Gilasi! Na "sikuli" mpaka siku ya mwisho, Mungu amrehemu.

Zuhura: Amin. Basi siku moja niliandika ubaoni: basi, shati, pensili. Nikawaambia sisi pia tukichukua neno la Kiingereza twalitia irabu. Ilikuwa darasa la 5, tangu 2020 wao na la 6 Kiingereza ni somo rasmi. Mna mtoto mmoja alikuwa hafungui mdomo. Ukimuuliza humgeukia jirani yake, wanong'one kwanza, kwa kuogopa kukosea. Akaitazama ile "shati", akainuka kwenye kiti: "Shatsu!" Darasa zima likaanza kutaja yao. Nikageukia dirishani, machozi yananilenga.

Mama: Mashallah. Na kula wala mwanangu?

Zuhura: Shikamoo Mama. Nala. Mchana twala darasani na watoto, wao wenyewe ndio hupakua, wamevaa aproni nyeupe na kofia. Mimi nabeba changu kwa sababu ya nguruwe, ila nakaa nao. Leo wali na samaki wa kukaanga.

Mama: Marahaba. Vaa soksi mbili.

Salim: Dada, mimi namaliza digrii mwakani.

Zuhura: Basi anza kuandika ile barua ya kueleza kwa nini wataka kwenda. Usiandike "napenda kusafiri", waeleze utamfundishaje mtoto anayeogopa. Jumapili saa nne asubuhi yenu nipigie tuisome, kwangu itakuwa saa kumi jioni.

Salim: Inshallah.

Ami Rashid: Hiyo laki mbili ungeitoa wapi?

Salim: Nilikuwa niuze pikipiki.

Mama Mdogo: Pikipiki haiuzwi.